Tupeane uzoefu: zao haramu likifyekwa, hasara inatua kwa nani?

Mkwezi wa Kaliua: Bangi ikichanganywa na mahindi, panga linaondoka na vyote. Mnaojua ya kwingine mwageni.

Bwanashamba Urambo: Kolombia ndege zilimwaga glaifosati, dawa ya kuua magugu, juu ya koka, mmea wa kokeini, mpaka 2015. Dawa ile jani linainywa, kisha inashuka mzizini taratibu. Wakulima wakashtukia: ndege ikishapita tu, wanakata shina karibu na ardhi kabla sumu haijateremka, mti unachipua upya. Wengine walipulizia jani maji ya sukari guru mapema ili dawa isishike. Muhogo na migomba ya jirani nani aiwahi? Ikafa.

Nzega Mjini: Yaani wakaua chakula, koka ikabaki 😂

Bwanashamba Urambo: Tena ndege zilizuiwa hifadhi za taifa, koka ikahamia humo.

Ujiji Kwetu: Hayo madogo. Afghanistan kuna mkopo unaitwa salaam: mkulima anauza afyuni kabla ya kuvuna, pengine kwa nusu ya bei, apate chakula cha kipupwe. Deni linahesabiwa kwa kilo za afyuni. Taliban wakapiga marufuku Julai 2000, hekta zikashuka kutoka 82,000 hadi 8,000 hivi 2001, bei ikapaa karibu mara kumi. Sasa unadaiwa kilo, kilo huna, na kila kilo ni dhahabu. Watu waliuza mifugo na ardhi, wengine wakaoza mabinti kufuta deni. Wenye mzigo ghalani wakatajirika. 2002 zikalimwa hekta 74,000, sababu mojawapo deni la afyuni lililipwa kwa afyuni.

Mama Sikonge: Mungu wangu. Na sisi tunalia AMCOS, ushirika wetu, ikikata deni la pembejeo kwenye malipo ya tumbaku!

Nzega Mjini: Usichanganye, mama. Mkopo wa tumbaku ni wa fedha, bei ikipanda unapumua. Kule bei ikipanda ndiyo unanyongwa.

Mama Sikonge: Ulishaona wapi bei ya tumbaku ikipanda mara kumi?

Kasulu Juu: Suluhisho walipwe fidia, wang'oe wenyewe.

Bwanashamba Urambo: Waingereza walijaribu hukohuko Afghanistan 2002, dola 350 kwa jeribu, kipimo cha shamba cha kule, na jeribu tano ni hekta moja. Wapo waliopanda ili walipwe, na waliong'oa wasione senti.

Kasulu Juu: Basi alipwe asiyepanda.

Nzega Mjini: Sijawahi kupanda afyuni hata mche mmoja. Fomu zinachukuliwa wapi?