Tupeane uzoefu: ulipataje ukungu wa nyuma kwa vifaa vya kawaida?

Wakuu, ukiuliza jinsi ya kufifisha mandhari ya nyuma, jibu huwa "nunua lenzi ya f/1.8" (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linalopitisha mwanga hufunguka zaidi). Tuliobaki na lenzi ya zumu ya 18-55mm iliyokuja na kamera, au simu tu, tunafanyaje?

Naanza. Mimi huzumu mpaka 55mm. Hapo lenzi haifunguki zaidi ya f/5.6, na wengi wakiona namba hiyo wanarudi 18mm wakafuate f/3.5. Lakini pigeni hesabu: upana wa tundu ni urefu wa fokasi ukigawanya kwa namba ya f. 18 kwa 3.5 ni kama milimita 5. 55 kwa 5.6 ni karibu 10, na tundu pana ndilo linalotia ukungu. Naweka modi ya A (kamera nyingine huandika Av), ambayo mimi nachagua f na kamera inapanga kasi ya shata, nasogea karibu na ninayempiga, basi.

#2
Kwangu dawa ilikuwa ukuta. Mdogo wangu akiona kamera lazima aegemee kitu. Siku hizi namvuta mbele hatua kadhaa, nami namsogelea. Lenzi ileile, f ileile, ila ukuta unageuka rangi tupu.

#3
Wa simu tupo 😄 Sensa ni ndogo na lenzi yake fupi, kwa hiyo modi ya potreti inakisia umbali, kisha programu ndiyo inatia ukungu. Nina afro, na kila mara nywele zinakatwa kama kwa mkasi. Miwani nayo husumbua. Ukungu wa kweli naupata kwenye vitu vidogo: ua, pete, mdudu. Nasogea karibu sana kwa modi ya kawaida, nagusa kioo kuchagua fokasi. Angalizo: simu nyingine ukikaribia zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana, na nyuma kote kunarudi kuonekana. Zimeni hiyo kwenye mipangilio.

#4
Mimi nilinunua hiyo 50mm f/1.8 mnayoisema. Tamu, ila uso ukiwa umegeuka kidogo, jicho moja kali, la pili limeyeyuka. Sasa potreti napiga f/2.8, fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera. Watu wakiwa safu mbili naenda f/5.6 au zaidi. Kwa hiyo #1, hiyo lenzi yako usiidharau.

#5
Wanaotaka yale maduara ya mwanga: tafuteni nukta angavu mbali nyuma, taa ndogo au jua linalopenya majani. Tundu liwe wazi kabisa, maana ukilibana duara huanza kuonyesha pembe.

#2
@#5 kweli, ila ukungu haufichi kila kitu. Nguo nyeupe iliyoanikwa nyuma ya mtu ikififia inakuwa doa kubwa zaidi, na jicho linakimbilia huko. Kabla ya kugusa f, mimi nasogea pembeni hatua moja niitoe kwenye fremu.