Kassim, usiagize dengu

*Kikundi: UKOO WA PANGANI*

JUMAPILI

Kassim Dar: Shikamooni wakubwa. Viza imetoka. Jumanne usiku naruka, siku tano Paris, semina ya ofisi.

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi. Mungu akufikishe salama.

Mama Kassim: Amin wifi. Koti zito hataki kubeba, mseme na wewe.

Kassim Dar: Dada Mwanaidi, mchana hatupikiwi, tunapewa posho kila mtu ajitafutie. Mtaani kwako watu wanakula wapi? Sitaki kupanda ndege masaa yote hayo nikale kuku wa boksi.

Mwanaidi Paris: Karibu mdogo wangu. Chini ya jengo langu kuna bistro. Meza kumi na mbili, mume kaunta, mke jikoni. Shangazi anaijua.

Shangazi Tatu: Naijua. Nilikula yai.

Mwanaidi Paris: 😂😂 Shangazi jamani

Shangazi Tatu: Yai la kuchemsha. Limekatwa katikati, limemwagiwa mayonezi, kajani kamoja juu. Euro tano. Hapa Tanga kijana wa ndoo anakumenyea kwa mia tano, anakutilia kachumbari, na pilipili anakuuliza nyingi au kidogo.

Kassim Dar: Sasa bistro ndiyo hoteli au mgahawa?

Mwanaidi Paris: Chukulia mama ntilie aliyetandika kitambaa mezani. Pale kwetu hakuna kitabu cha menyu, kuna ubao mweusi wa chaki. Mwenyewe anaubeba meza hadi meza, anausimamisha kwenye kiti kama mgeni wa tatu, mnausoma. Vya kuanzia vitatu, chakula chenyewe aina nne, vitamu vitatu, basi. Mchana unalipia bei moja kwa viwili: cha kuanzia na chakula, au chakula na kitamu. Hapo ni euro 19 na nusu. Kitu kikiisha anakifuta kwa kidole gumba. Ukichelewa unaona tu doa jeupe palipokuwa na samaki.

Mama Kassim: Euro 19 shilingi ngapi?

Kassim Dar: Inapita elfu hamsini, mama.

Mama Kassim: Utabeba mkate.

Mjomba Mwalimu: Habari za humu. Kwa faida ya vijana: neno bistro ni la Kirusi. Mwaka 1814 askari wa Urusi waliingia Paris, wakawa wanawahimiza wauza vinywaji "bistro! bistro!" yaani haraka! haraka!

Mwanaidi Paris: Shikamoo Mjomba. Hadithi hiyo hata kibao chake kipo Montmartre ukutani, watalii wanakipiga picha. Ila neno lenyewe halionekani kwenye maandishi ya Kifaransa mpaka miaka ya 1880. Askari waondoke, neno lingoje miaka sabini?

Mjomba Mwalimu: Marahaba. Kibao kipo lakini.

Mwanaidi Paris: Kipo Mjomba 🙏 Mimi ninayoipenda ni ya wauza mkaa. Watu wa Auvergne, bara huko kwenye milima, walikuja Paris kuuza kuni na mkaa. Upande mmoja wa duka magunia, upande wa pili kaunta ya mvinyo. Baadaye wake zao wakaanza kupika kwa ajili ya wateja. Bistro nyingi za hapa zimeanzia hapo.

Shangazi Tatu: Mkaa na chungu havijawahi kuachana. Hilo ningeliamini hata bila kibao.

Kassim Dar: Tuje kwenye tumbo. Halali ipo?

Mwanaidi Paris: Nyama ya pale si halali, usihangaike. Mimi pale ni mtu wa mayai na samaki. Na samaki naye muulize, kwa sababu mchuzi mweupe wa siagi wanaupika na mvinyo, na kome wanawachemshia kwenye mvinyo vilevile. Ukiona "meunière" kula bila wasiwasi: samaki kapakwa unga, kakaangwa kwa siagi, kakamuliwa ndimu. Hapo wangekuwa Pangani wangesema wamejifunza kwetu.

Mwanaidi Paris: Na usiagize dengu.

Kassim Dar: Dengu zina nini?

Mwanaidi Paris: Muulize Shangazi.

Shangazi Tatu: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Mama Kassim: Wifi andika, bando langu linakaribia kukata.

Zai Muscat: Nimeisikiliza, nawafupishia. Shangazi aliona sahani ya dengu, moyo ukatulia, akasema Bismillah. Ndani kuna vipande vyekundu vidogo, akadhani karoti. Dada Mwanaidi akamshika mkono uma ukiwa mdomoni. Dakika mbili zilizobaki ni jogoo anawika.

Kassim Dar: Karoti ilikuwa nini?

Mwanaidi Paris: Nguruwe. Na niliuliza kabla! Nilimwambia mhudumu hatutaki nyama. Akasema dengu hazina nyama, wala hakuwa anadanganya kwa roho yake. Kwao vile vipande si nyama, ni kama sisi tunavyotia kitunguu. Wanatia kwenye dengu, wanatia kwenye saladi, hata majani hayasalimiki. Wewe usiulize "kuna nyama?" Uliza neno lenyewe, "lardon", umtazame usoni.

Shangazi Tatu: Sikumeza.

Mama Kassim: Hakuna aliyesema umemeza wifi.

Shangazi Tatu: Nalisema mimi, lisije likazungumzwa. Nilitema kwenye kitambaa, nikasukutua mara tatu kwa maji ya jagi.

Mwanaidi Paris: Kweli hakumeza. Mwenye bistro alitoka kaunta mwenyewe, uso mwekundu, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Ile sahani hatukulipa. Akaleta nyingine: samaki mkavu wa chumvi aliyerowekwa, akapondwa na viazi, maziwa na mafuta ya zeituni, juu kageuka kahawia kwa moto wa oveni.

Shangazi Tatu: Ng'onda. Ng'onda na viazi. Nilimaliza nikafuta sahani kwa mkate, yule baba akafurahi kama nimemsifia mtoto. Kilichokosekana pilipili. Nikaomba, wakaniletea unga mwekundu wa nchi yao. Nikatia kijiko kizima, hauwashi hata jicho.

Mwanaidi Paris: Simulia na haradali Shangazi.

Shangazi Tatu: Haradali ni jambo lingine.

Mwanaidi Paris: Alidhani nayo ni ya kitoto kama ile pilipili. Akapaka mkate mzima. Ikapanda puani! Nilimwona shangazi yangu analia Ufaransa, nikafikiri amekumbuka nyumbani.

Zai Muscat: 😭😭😭

Mjomba Mwalimu: Pole sana shemeji.

Shangazi Tatu: Asante shemeji. Na mkate wenyewe hauwekwi kwenye sahani, unatupwa juu ya kitambaa kama unalisha kuku. Ila niseme haki yao, salamu wanazo. Ukiingia bila "bonjour" hakuna anayekuona. Hapo wananipendeza.

Mwanaidi Paris: Kassim hilo lishike. Bonjour kwanza, shida baadaye. Na maji usiseme "maji" tu, utaletewa chupa ya kulipia. Sema "karaf do", linakuja jagi la maji ya bomba. Ni bure kisheria, na tangu 2022 wanatakiwa waandike kabisa kwamba ni bure. Bakshishi si lazima, huduma imo kwenye bei ya ubaoni. Ukiridhika acha sarafu moja mbili.

Kassim Dar: Bili wanaleta haraka? Maana semina inaendelea saa nane na nusu.

Shangazi Tatu: Hawaleti.

Mwanaidi Paris: Hawaleti mpaka uombe. Kukuletea bila kuomba ni kama kukufukuza. Mwaka jana nilisubiri Shangazi ashibe mazungumzo ndipo niombe, kumbe mwenzangu anasubiri turuhusiwe kuondoka. Karibu saa nzima! Akanikaribia sikioni: "Mwanaidi, kama huna hela sema, ninayo pete."

Mama Kassim: Wifi wangu wewe 🤲

Kassim Dar: Na ile "tartare" niliyoiona mtandaoni? Kama kababu hivi.

Mwanaidi Paris: Nami nilidhani kababu. Mwezi wangu wa kwanza hapa nikaagiza tartare ya samaki, najisifu nimesoma ubao mwenyewe. Ikaja mbichi. Mbichi kabisa Kassim, imekatwakatwa, imetiwa ndimu na vitunguu. Nikaona aibu kurudisha. Nikala viazi vyote vya pembeni, samaki nikamtandaza sahani nzima aonekane amepungua.

Mwanaidi Paris: La mwisho, na hili ndilo kubwa: jiko linafunga saa nane mchana. Si saa nane na dakika tano. Linafunguliwa tena usiku, saa moja na nusu. Ukikosa pale nenda brasserie kubwa za barabarani zinazopika mchana kutwa, ila bei itakukata.

Kassim Dar: Saa nane. Nimeelewa.

Shangazi Tatu: Kesho basi la asubuhi litakuletea chupa ya pilipili yangu, ile ya kusaga na ndimu. Ifunge kwa nailoni mbili. Nyingine ni ya Mwanaidi.

Mama Kassim: Na mimi namimina mkate.

Kassim Dar: Mama, mkate wa kumimina Paris?

Mama Kassim: Mfunge vizuri.

ALHAMISI

Kassim Dar: Dada uko wapi

Mwanaidi Paris: Kazini. Umekula? Leo ubaoni kuna samaki, sole, nimepita asubuhi nikaona anaandika.

Kassim Dar: Semina imechelewa kutoka. Nimefika saa nane na robo. Nimesema bonjour. Akasema bonjour. Akafuta ubao mbele yangu.

Zai Muscat: 🙆🏽‍♀️🙆🏽‍♀️

Mwanaidi Paris: Kassim nilikwambia!

Mama Kassim: Mkate unao?

Kassim Dar: Ninao mama. Niko benchi la nje hapa, nala mkate wako na pilipili ya Shangazi.

Mama Kassim: Na koti?

Kassim Dar: Mwenye bistro ametoka kuvuta sigara. Anautazama mkate. Anauliza kitu, sielewi.

Mwanaidi Paris: Mkatie kipande.

Kassim Dar: Nimemkatia. Amechovya kwenye pilipili.

Shangazi Tatu: Amechovya nyingi?

Kassim Dar: Nyingi.

Kassim Dar: Amerudi ndani anakimbia. Namwona kupitia kioo cha dirisha, ameshika jagi.

Shangazi Tatu: Mwanaidi mpigie umwambie kwa Kifaransa: hiyo ndiyo niliyoiomba mwaka jana.