Likizo ndefu hii masomo ya nyumbani yamegeuka vita, wenzangu mnafanyaje?

MamaWawili_Langoni
Assalamu alaykum jamaani. Mie niko hapa Amu (Lamu), nina wana wawili, wa kike yuko gredi 5 wa kiume gredi 2, na shule zilipofungwa nikajiapiza mwaka huu sikubali wafike Januari wamesahau kila kitu kama mwaka jana. Basi nikachora ratiba nikaibandika kwa friji, saa mbili asubuhi mpaka saa sita ni hesabu, kiingereza, sayansi, kiswahili, alasiri chuoni kwa Qurani kama kawaida. Wiki ya kwanza ikaenda enda. Wiki ya pili wallahi nyumba imekuwa kituo cha polisi. Huyu mdogo nikisema lete daftari ashika tumbo, mara ataka haja, mara kalamu imeanguka chini ya kitanda na akiingia kuitafuta hatoki, jana nimeinama nimemkuta kalala huko huko na uso umejaa vumbi. Mkubwa halii lakini yeye ananakili tu, mwandiko mzuuuri, ukimuuliza umeandika nini hajui. Na joto hili, hata kaskazi yenyewe haijashika vizuri. Baba yao aniambia niwaache, nikiwaacha ni simu na katuni kutwa. Nataka wasome bila mimi kupayuka mpaka jirani anigongee ukuta. Na pesa ya tuisheni sina nawaambia mapema.

Baharia_Mzee
Waalaykum salaam mamangu, pole. Mie si mwalimu, nimekula chumvi baharini miaka mingi sasa niko nyumbani na wajukuu. Likizo ya Agosti niliwapa kazi moja tu, kila siku tukitoka msikitini baada ya alasiri tunapita gatini wanahesabu ngazi zilizo kavu, wanaandika kwa daftari, basi. Siku za mwanzo waliniona mzee kachoka akili. Baada ya siku tano sita wakaanza kubishana wenyewe, mbona jana tisa leo saba? Mmoja akaja mbio, "babu saa ya bahari ni mbovu, yachelewa kila siku!" Nikamwambia haswa, yachelewa kama dakika 50, haya nipigie hesabu, juzi maji yamejaa saa nne na robo, jana saa tano na dakika tano, leo je? Wa gredi 3 huyo, akakaa na vidole vyake akanitolea saa sita kasoro tano, na mwalimu wake alikuwa kaniambia hajui kusoma saa. Wakaja wakajionea pia kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yapanda sana na yapwa sana, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayendi mbali. Sasa kila jioni wautafuta mwezi juu ya mapaa bila kuambiwa. Ila nenda nao mwenyewe ama mtu mzima, zile ngazi za chini zina mwani, utelezi wake si mchezo.

BabaTatu_Malindi
Dadangu sisi huku Malindi tulipanda matatu siku moja tukawapeleka Gede kwenye magofu, ni kama kilomita 16 tu, nilidhani watachoka na mawe. Kilichowashika ni majina. Zile nyumba za kale wachimbuaji walizipa majina kwa vitu walivyovikuta ndani, iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Kauri, nyingine ya sanduku la pembe. Hawa mafundi walichimba kuanzia 1948, mji wenyewe ulishahamwa karne nyingi nyuma. Sasa tumerudi nyumbani binti yangu akaanzisha, kila chumba kipewe jina la kitu ambacho watu wa miaka 500 ijayo watakikuta. Jikoni ikawa Nyumba ya Mbuzi (ya nazi jamani), chumba cha wavulana Nyumba ya Soksi Moja, changu mimi ati Nyumba ya Rimoti. Wakaandika kila mmoja ukurasa mzima, watu walioishi hapa walikula nini, walikuwa wangapi, kwa nini walihama. Huyo wa katikati mistari miwili ilikuwa yamshinda siku zote, siku hiyo aliomba karatasi nyingine. Nyinyi Amu ndio msiseme, mji mzima ni makumbusho.

Ticha_Mstaafu_Shela
Mama Wawili nitakusema kidogo usinichukie. Saa nne mfululizo?? Hata sisi darasani kipindi cha gredi 1 hadi 3 ni dakika 30, gredi 4 hadi 6 ni 35, na kuna mapumziko katikati, tena kuna wenzao. Mtoto wa miaka saba akijificha chini ya kitanda ana akili timamu huyo. Mpe vipindi viwili asubuhi kabla jua halijakaza, halafu atoke. Na wa kiume mpe kazi ya punda, namaanisha mkalishe barazani nusu saa ahesabu punda wanaopita na mizigo yao, wa mchanga, wa mawe, wa saruji, wasio na kitu, apige vijiti vinne na cha tano akipitishe juu, jioni achore grafu. Ndio hesabu ya kupanga data hiyo, na punda hapa hawakosekani.

Anayenitia wasiwasi mie ni mkubwa. Anayelia wajua hajaelewa, anayenakili vizuri utagundua Januari. Mfungie kitabu, mwambie amfundishe mdogo wake hicho alichoandika, akikwama hapo ndipo mwanzie. Na Mzee Baharia hongera kwa ngazi lakini msifanye kila kitu kiwe somo, ikifika mtoto aogopa kula embe kwa kuwa ataulizwa sehemu zake, mtakuwa mmeharibu na embe.

MamaWawili_Langoni
Shukran sana, wiki mbili zimepita nimerudi. Mwalimu sijachukia, nimeumia kidogo lakini ni kweli. Ratiba nimeibandua. Punda tulihesabu siku ya kwanza 41, mwanangu akaongeza safu yake mwenyewe, "punda aliyekataa kwenda", wako watatu. Gatini tunaenda na baba yao, yule yule wa "waache," sasa ndiye anayegombania daftari. Kufundisha mdogo wake ndiko kulikonionesha mambo, mkubwa alifika sehemu za hesabu akanyamaza kabisa, robo na nusu hajui ipi kubwa, gredi 5! Tukaanza upya na mahamri, kilo ya unga tukaigawa kwa kikombe mbele yake.

Kisha akaniomba auze barafu za ukwaju. Nikasema sawa ila uandike sukari pesa ngapi, ukwaju ngapi, vifuko ngapi, na kila barafu iuzwe shilingi ngapi upate faida. Siku ya kwanza alitengeneza 30, akauza 19, pesa hazikutimia hata za sukari, akarudia hesabu mara tatu akilia kuwa kaibiwa. Tukafungua daftari tukaangalia pamoja. Barafu 11 zimeliwa na mdogo wake, na yeye kaziandika mwenyewe, kwa vijiti, vinne na cha tano juu, kama alivyofundishwa kwa punda.

Baharia_Mzee
Huyo wa kiume mweke awe karani. Deni lake laanza kulipwa lini?

MamaWawili_Langoni
Amesema mwezi ukiandama.