Magazeti yote yana ukubwa mmoja, sasa mtoto atayagawaje?

MamaWaSoweto (Moshi):
Habari zenu wadau. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Amepewa kazi ya likizo: akusanye magazeti, ayagawe kwa aina, aeleze kila aina ina mtindo gani na inasomwa na nani. Daftari lake linasema aina ni mbili, ya karatasi kubwa yenye habari nzito na ya karatasi ndogo yenye habari nyepesi. Jana nimepita Double Road nikanunua Mwananchi, Nipashe na Mwanaspoti. Tumeyapima kwa rula, yanalingana! Baba yake anasema aandike tu kwamba Mwananchi ni la wasomi na Mwanaspoti ni la vijiweni. Binti amekataa, kwa sababu babu yake ni mwalimu mstaafu na hakosi Mwanaspoti. Naombeni msaada, shule inafungua Jumatatu.

MezaYaMagazeti (Arusha):
Dada, binti yuko sahihi kukataa. Nauza magazeti karibu na Mnara wa Saa, huu ni mwaka wa 19. Nina mteja wakili, kila asubuhi anachukua mawili: The Citizen analiweka kwapani, Mwanaspoti anaanza kulisoma hapohapo amesimama.

Mwambie atafute kitu kimoja: gazeti *halimwelezi* nini msomaji wake. Mwanaspoti likiandika "Mnyama" halisemi kwamba ni Simba. Likiandika "Jangwani" halikukumbushi kwamba hao ni Yanga. Linaongea na mtu ambaye mechi ameshaiona au ameisikia redioni, ndiyo maana mara nyingi halianzi na matokeo, linaanza na kwa nini kocha alimtoa fulani. Mgeni akilishika anapotea. Halafu achukue Daily News, afungue matangazo ya zabuni. Hapo hakuna anayekueleza dhamana ya zabuni ni kitu gani, kwa sababu anayeyasoma ni mkandarasi au ofisa ugavi. Hao wateja wangu hawagusi ukurasa wa mbele kabisa, na gari la magazeti likichelewa ndio wa kwanza kunipigia simu.

Ya udaku, akina Uwazi, Ijumaa na Risasi, nilipokuwa nayauza yalichukulia kwamba unajua staa fulani aliachana na nani wiki iliyopita. Picha nusu ukurasa, nyekundu na njano, kichwa cha habari kinakatiwa kwenye nukta tatu ili umalizie ndani. Wanunuzi walikuwa kina dada wa saluni na makondakta, lakini na watu wa maofisini pia, waliokuwa wakiyakunja katikati ya gazeti jingine.

Mwananchi ni tofauti kwa sababu linaeleza. Kifupisho wanakiandika kwa kirefu kwanza, wanamtafuta mtaalamu, wanaweka kiboksi pembeni chenye historia ya jambo. Linataka baba, mama na mwanafunzi wasome nakala hiyohiyo, na kwangu ndilo watu wanaloondoka nalo kwenda nyumbani. HabariLeo, ambalo ni la serikali, na Uhuru la CCM, hayo amtazame anayetajwa kwanza kwenye sentensi ya kwanza. Je, ni kiongozi aliyesema, au ni mtu aliyepatwa na jambo? Ahesabu kwa kila gazeti, ataona mwenyewe.

Na mahali nako kunachagua gazeti. Huku Arusha The EastAfrican la Nairobi, la kila wiki, lina watu wake kwa sababu makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Sijui ningemuuzia nani kama meza yangu ingekuwa Mbauda, huko mitaani mbali na ofisi hizo.

Kuna wasomaji ambao hakuna daftari linalowaandika. Saa moja asubuhi mezani kwangu wanasimama watu 15 wanasoma vichwa vya habari tu, wanabishana, wanaondoka. Siwafukuzi. Ukurasa wa mbele umeandikwa kwa ajili yao: "Serikali yabanwa", "Yanga yaua", maneno mawili na umeelewa. Kurasa za ndani ndizo za aliyelipa.

Mstaafu_Machame:
Mama, daftari halikukosea, ila linaeleza Uingereza. Kule ukubwa wa karatasi ulikuwa alama ya aina ya gazeti. The Sun na Daily Mirror yalikuwa madogo, jina juu kwenye rangi nyekundu, sentensi fupi. The Times lilikuwa pana mpaka 2004 lilipohamia karatasi ndogo. The Guardian la London lilipunguza 2005, likapunguza tena 2018. Daily Telegraph na Financial Times yalibaki mapana. Kwa hiyo hata huko rula haitoshi tena.

Aongeze na hili la kwetu: miaka ya 1950 hapa Moshi kulikuwa na Komkya, gazeti la Baraza la Wachagga. Msomaji wake alijulikana kwa mlima wake kabla hajajulikana kwa elimu yake. Baba yangu alikuwa akitusomea kwa sauti jikoni.

Neema_Kiboriloni:
Ya dini msiyasahau. Kiongozi utalipata kanisani kwa Wakatoliki, An-Nuur nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Pia matangazo ya tanzia na kumbukumbu. Mama yangu akifungua gazeti anaanzia kwenye zile picha, anatafuta majina ya ukoo, ndipo anarudi kwenye habari.

MamaWaSoweto (Moshi):
Asanteni sana, na mzee wa Machame shikamoo. Tumemaliza saa nne usiku. Binti alichukua kalamu nyekundu akapigia mstari kila neno ambalo gazeti halikulieleza. Ukurasa wa mbele wa Mwananchi yalitoka mawili, mojawapo "hatifungani". Mwanaspoti yalitoka 11. Tukampigia babu simu, akamweleza yote 11 bila kusita, na la hatifungani akasema amuulize baba yake. Baba yake sasa hivi amekaa na Mwananchi, anatafuta.