Tunaigiza mchezo wa London wa 1777: nizime taa za ukumbini au niziache?

Mlezi_wa_Jukwaa: Wakuu, habari zenu. Nasimamia kikundi cha maigizo shuleni, na muhula huu tumechagua The School for Scandal ya mwandishi Sheridan, iliyooneshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Drury Lane, London. Maneno vijana wameyashika vizuri, ila wanaongea wao kwa wao tu, mtazamaji hawana habari naye. Nataka ifanane na enzi zake. Nizime taa? Na yale maneno ya pembeni, ambayo wahusika wengine hawatakiwi kuyasikia, wamwambie nani? Naombeni ushauri.

BintiKiwambo: Mwalimu, usizime! Enzi zile mishumaa ya ukumbini iliwaka mwanzo hadi mwisho. Mwigizaji aliwaona watu nyuso zao, nao walionana. Wengine walikwenda ili waonekane. Maneno ya pembeni wapewe watu wa mbele, macho kwa macho. Chukulia taarab: mwimbaji akirusha fumbo, mtu anainuka kwenda kutuza na ukumbi mzima unajua nani kaguswa. Mchezo huu ni wa umbea, unataka hivyo hivyo.

Mzee wa Pazia: Naunga mkono taa, ila usikalishe watu jukwaani. Zamani wenye fedha walikaa palepale jukwaani, mpaka David Garrick, aliyeiendesha Drury Lane tangu 1747, alipowaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1760. Na watazamaji wake hawakuwa wapole. Mwaka 1763 alitaka kufuta nusu kiingilio kwa wanaoingia baada ya sehemu ya tatu ya mchezo. Wakavunja mabenchi na taa, akasalimu amri. Waambie vijana wako wanaigiza mbele ya watu wa aina hiyo, wanaojiona wana haki na ukumbi.

Mlezi_wa_Jukwaa: Mmenifungua macho, asanteni sana. Na lile tukio ambapo kiwambo, lile pazia la kusimama, kinaanguka?

BintiKiwambo: Hapo ndipo roho ya mchezo ilipo. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kuwa Lady Teazle, mmoja wa wahusika, kajificha nyuma ya kiwambo, mumewe hajui. Mhusika mwingine, Charles, akishakiangusha, asiseme mtu haraka. Mume amtazame mke, mke asikwepe, ukumbi umalize kelele zake kwanza. Kiwambo kiwe cha fremu nyepesi na kitambaa, na mkijaribishe kukiangusha mapema, maana kikigoma kuanguka mbele za watu, tukio zima limekufa.