Nimesahau nywila tu, fundi kanipigia Windows mpya na kufuta kila kitu!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Kabla ya kwenda msibani nilibadilisha nywila ya akaunti kuu ya kompyuta, maana dogo ninayemwachia duka kazi yake kujaza magemu. Narudi baada ya wiki mbili, kichwa cheupe. Jina la mtoto, namba ya simu ya zamani, wapi! Yale maswali matatu ya usalama nayo niliyajibu kihuni siku ile ili nimalize haraka. Mnyama wako wa kwanza aliitwa nani? Niliandika "aaaa", sijui a ngapi.

Nikabeba CPU hadi kwa fundi. Nikamwambia kwa mdomo wangu: nywila tu, mafaili yangu usiguse. "Usijali dada, njoo kesho."

Kesho natoa elfu thelathini, nawasha, naona kapu la taka peke yake. Mitihani ya shule mbili, wasifu za watu, orodha ya michango ya harusi, hakuna. "Si inafunguka lakini?" Eti ndiyo jibu!

Kinachoniuma zaidi, kijana wa jirani kanionyesha kwenye mashine yake ya Windows 10. Kaiwasha kwa flashi ya Windows, kabonyeza Shift na F10, skrini nyeusi ikaja. Kaweka cmd.exe (programu ya hiyo skrini nyeusi ya kuandika amri) mahali pa utilman.exe (ile inayofunguka ukibofya kialama cha chini kulia pale pa kuingilia), kawasha upya, kabofya kialama hicho, skrini nyeusi ikaja tena, kaandika net user, jina la akaunti na nywila mpya. Kaingia, mafaili yote yapo, kisha kairudisha utilman yake mahali pake. Chai yangu haijapoa.

Nimemrudia fundi, ananiambia ilikuwa na BitLocker, kile kifuli cha Windows kinachofunga diski nzima. Muongo! Ingekuwa nayo, ingemdai ule ufunguo wa tarakimu 48, naye angeniuliza mimi. Na kama nywila ilimshinda, si angeichomoa diski aichomeke kwenye mashine nyingine, anakili vitu vyangu kwanza?

Sasa anataka elfu hamsini "ajaribu kuyarudisha". Ayafute yeye, nilipe mimi!

Diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, siyo SSD, na tangu juzi sijaiwasha nisije nikaandikia juu ya vilivyofutwa. Nani hapa Dar anarudisha mafaili huku mwenyewe nimekaa pembeni naangalia?