Gemu la magari la kizamani la kucheza wengi TV moja, lipi zuri?

kaka_wa_madogo: Wakuu habari za humu, natafuta gemu la magari la zamani, yale unayoangalia njia kutoka juu, tucheze wanne au zaidi kwenye TV moja bila ile kukatakata skrini vipande mpaka gari lako hulioni. Disemba madogo wote wanakuja home na sipendi mmoja ashike pedi wengine wabaki kutazama. Nianze na lipi?

pedi_mbili: Micro Machines mkuu, usihangaike. La Codemasters wa Uingereza, lilitoka 1991 kwenye Nintendo ile ya zamani. Vigari ni vile vya kuchezea watoto, yaani unakimbiza juu ya meza ya chai katikati ya maziwa yaliyomwagika, mara meza ya pool ukizembea unatumbukia shimoni, mara maboti ndani ya bafu. Skrini haigawanywi, inamfuata anayeongoza, ukiachwa ukatoka nje ya picha basi pointi ni ya anayeongoza, halafu mnaanza tena palepale mlipofika. Ndo maana hata anayejifunza hakai nyuma dakika nzima peke yake, anarudishwa kwenye msururu fasta.

kaka_wa_madogo: Hiyo ya kurudishwa nimeipenda sana, mdogo wa mwisho huwa anasusa akiachwa. Ila si Nintendo ina matundu mawili tu ya pedi?

pedi_mbili: Hilo la kwanza ni wawili tu kweli. Wewe tafuta Micro Machines 2 ya Sega Mega Drive, 1994. Kaseti yenyewe imetobolewa matundu mawili ya pedi juu yake, wanaiita J-Cart, kwa hiyo jumla pedi nne. Na mnaweza kufika nane, wawili pedi moja, mmoja anakata kona kwa ile mishale ya kushoto mwenzake kwa vibatani vya kulia, mnabanana kwenye kochi bega kwa bega, hapo ndo raha yenyewe ilipo.

mzee_wa_kona: Naunga mkono. Kama una PS1 ipo Micro Machines V3 ya 1997, nayo wanafika nane ila lazima uwe na multitap, kile kifaa cha kuongeza matundu ya pedi. Mimi bado nachagua ya Sega, picha yake ni bapa, kona unaiona mapema, kwa watoto hiyo ni muhimu kuliko picha kali.

kaka_wa_madogo: Poa wakuu, naanza kuisaka hiyo kaseti ya matundu. Mwenye nayo anicheki inbox.